Mteuzi

Shangazi Nyamizi aliteua tumbaku miaka thelathini na miwili,
akishika jani kwa vidole viwili,
akilinusa, akilikunja karibu na sikio
asikie linavyolalamika:
hili daraja la kwanza, hili la tatu,
hili mrudishie mwenyewe.
Wakulima waliapa mbele yake. Hakusikiliza viapo.

Sasa mkono wa kushoto umelala tangu Februari,
mguu unaburuta kandambili,
nami nina kazi ya zamu na chumba kimoja Isevya,
mlango wake mwembamba kuliko kiti cha magurudumu.

Mjomba Ndalahwa alipiga simu kutoka Dodoma:
"Mnamtupa mtu aliyewalea?"
Nikamuuliza, "Wiki ipi unakuja kumgeuza usiku?"
Mtandao ukakatika.
Kwa mjomba hukatika hapo hapo kila mara.

Nikanunua daftari, nikachora mistari:
bei, choo, daktari, chakula, saa za kuonana.
Shangazi akalitazama kama robota
lililopangwa vizuri juu tu.
"Twende," akasema. "Jani halinunuliwi kwa simulizi."

Ya kwanza, njia ya Kiloleni: vigae, mapazia,
televisheni pana kama mlango wa bani.
Meneja ana tai. Alimwita "bibi yetu"
kabla hajauliza jina.
Laki nne na nusu kwa mwezi, dawa mbali.
Wazee sita wamepangwa mbele ya tamthilia ya Kituruki,
hakuna anayecheka, hakuna anayeuliza nani kamwoa nani.
Shangazi akamshika mmoja mkono, kama salamu tu,
akaugeuza, akatazama kucha.
Akatabasamu hadi getini.
"Juu safi," akaniambia. "Katikati kuna ukungu."

Ya pili, kwa masista. Bustani ya mchicha, bei ya huruma,
na majina kumi na moja yanayosubiri
majina mengine yafutwe.
Sista Leokadia hakusema hivyo.
Alisema, "Nafasi itapatikana," akatazama viatu vyake.
Saa mbili usiku taa huzimwa.
"Mimi kuku?" akauliza Shangazi.
Lakini uji aliuonja, akaomba kikombe kingine.
Nikaandika kwenye daftari: uji.

Ya tatu, nyuma ya Cheyo,
nyumba ya Kashindye, nesi mstaafu. Vitanda vinne.
Ukuta umechubuka, daktari hayupo, ipo namba yake.
Mlangoni pa choo kuna ngazi moja, mbaya.
Palinuka mkojo kidogo, na dawa ya sakafu ikiukimbiza.
Mzee aliyekuwa fundi cherehani
alikuwa akigombana na Kashindye juu ya chumvi,
kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya sokoni,
na akashinda: chumvi ikaletwa.
Shangazi akakaa bila kukaribishwa.
Akasugua ncha ya shuka kwa vidole vile viwili.
"Kumbe hapa mtu anaruhusiwa kugomba?"
"Anayenyamaza," akajibu Kashindye,
"ndiye anayeninyima usingizi."

"Daraja la pili," Shangazi akatangaza ndani ya bajaji.
"La kwanza msimu huu halikuvunwa."
Na ile ngazi?
"Utaivunja wewe. Una mikono miwili."

Usiku nikahesabu: laki mbili na nusu,
nikitoa kodi, nikitoa mkopo wa kikundi,
nikibakiza nauli ya kwenda kumwona.
Daftari lilikuwa wazi, mistari mingi haina kitu.
Nikamuuliza, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha,
na mimi je, Shangazi, daraja la ngapi?

Akachukua mkono wangu, akaunusa,
akavikunja vidole vyangu karibu na sikio lake.
"Jani zuri," akasema.
"Ila lilikaushwa haraka, kwa moto mkali.
Mwenye bani alikuwa na mambo mengi."

Mwenye bani alikuwa yeye.
Tulinyamaza, mpaka akaulizia chai.

Jumamosi nikaazima sururu.