Jirani wa Kilohezi Tatu

Jumamosi niliifungua redio ya baba,
skrubu kumi na nne, nikazitia kwenye kopo la Kiwi
zisipotee.
Mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha tangu Alhamisi,
haina haraka, haina pa kwenda.
Baba kasimama mlangoni na kikombe cha chai:
"Tumpe, redio husikilizwa.
Tangu lini ikatazamwa?"

Sikujibu. Nilikuwa natafuta mahali padogo,
baada ya kichanganyio cha kwanza, kabla ya chujio,
kabla sauti hazijabanwa
zipite moja moja kama watu kwenye dirisha la tiketi.
Pale ndipo nilipotaka kuchota,
kidogo tu, mto usijue.

Transista moja, kapasita mbili,
waya mwembamba wenye ngozi ya shaba.
Risasi ikayeyuka, moshi ukapinda,
nikaungua kidole, nikatukana kwa Kinyakyusa,
na baba akacheka
kabla hajakumbuka kwamba amenuna.

Saa mbili usiku tukawasha.
Kompyuta ya mtumba kutoka Mwanjelwa, kioo kimepasuka pembeni,
ikawaza, ikawaza,
halafu rangi zikaanza kushuka:
buluu tupu, kisha michirizi ya njano,
maporomoko yasiyo na kishindo.

"Hiyo minene?"
Fundi Ambakisye, baba. Anachomelea mageti.
"Na hiyo inayotetemeka?"
Chaja ya mama Subilaga, ile ya elfu mbili.
Akapiga funda la chai.
"Kwa hiyo sasa tunawapeleleza majirani."

Miaka thelathini na moja amekizungusha kifundo kile
kama mtu anayepapasa ukuta gizani, anatafuta swichi.
Anaita, anangoja,
anaandika: *hakuna mtu*.
Madaftari tisa.
Hakuna mtu. Hakuna mtu. Radi, nimezima. Hakuna mtu.

Nikamwonyesha: hapa ndipo tulipo,
mstari mwekundu, katikati.
Na pale, kuliani, kilohezi tatu tu,
uzi.
Unawaka, unazima. Unawaka kwa kurefuka, unazima.
Spika ilikuwa inachemsha mvua yake ile ile;
sikusikia kitu, naye hakusikia,
ila midomo yake ilikuwa inasoma.

"Anaita yeyote," akasema.
"Anaita yeyote aliyepo."

Hakukigusa kifundo.
Aliyatazama madaftari, akanitazama mimi,
akauliza swali ambalo sikuwa na waya wa kulifikia:
"Na zamani zile… walikuwepo?"

Mvua ikajibu kwa niaba yangu, juu ya bati.

Kisha akasogeza mkono, taratibu,
kama afunguaye mlango wa chumba alimolala mtoto,
na ule uzi ukaja hadi kwenye wekundu,
ukawa mluzi, ukawa mtu.
Baba akavuta ufunguo wake wa kipande cha msumeno,
akapangusa kiganja kwenye suruali.

Nikawaacha wazungumze.
Nikaanza kurudisha skrubu.
Zilikuwa kumi na tatu.