Kopo la Maji ya Kunde

Walinipa ukuta wa magharibi, darasa la historia,
sekondari ya pale Isongole, ukungu ukiingia dirishani
kama mwanafunzi mchelewaji.
Piramidi, wakasema, na mto, na mtu mmoja amesimama.
Piramidi niliimaliza Jumanne. Mto, Jumatano.
Mtu ndiye aliyeniweka wiki mbili juu ya ngazi.

Mwalimu Mgaya alitaka mweusi,
mweusi wa chungu kilichokaa mekoni masika yote.
"Watoto wajue," akasema, sauti ikamtetemeka,
maana yeye alikaririshwa vingine:
kwamba kila jiwe lililosimama Afrika
lilisimamishwa na mgeni aliyekuwa anapita.
Sikumcheka. Chaki ilimvunjikia mkononi.

Mchungaji Mwasambili, mjumbe wa bodi,
akaja na kalenda ya kanisa:
Farao wa pinki, shavu la kiazi kilichomenywa,
Musa naye pinki, hata ngamia anaelekea huko.
"Mimi sibishani. Nimeleta picha tu."

Mhasibu akauliza kopo lipi lina bei nafuu.

Nikashuka Tukuyu.
Dukani kwa Atuganile rangi za ukuta ziko kushoto,
kulia vipodozi.
Napimiwa kahawia, mabinti watatu wakaulizia
ile krimu ya kung'arisha.
"Imekwisha. Njooni Ijumaa."
Na mikono yake mwenyewe ilikuwa ya watu wawili:
vifundo vya vidole vimebaki vyeusi,
mashahidi waliokataa hongo.
Nikapanda mlima na kopo langu, nikiwaza
jinsi tunavyomgombania mfu awe mweusi
na Ijumaa mzigo wa krimu unashushwa.

Subilaga wa kidato cha pili ndiye aliyeuliza,
"Kwani wenyewe walijichoraje?"

Mwalimu akafungua kitabu. Akanyamaza kidogo.
Wanaume wekundu, tofali la Iringa lililoiva tanurini.
Wanawake manjano, ndizi iliyobakiza siku mbili.
Majirani wa kusini weusi, na iko karne
majirani hao waliteremka na mto, wakakalia kiti.
Mfalme wa wafu kijani, kijani cha chai yetu.

"Huyo wa kijani ni kabila gani?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akasoma tena:
nchi yao waliiita Nyeusi.
"Mnaona!" akasema.
"Ni udongo huo," akasema Mchungaji, "tope la mafuriko."
Wakaendelea mpaka kengele ya uji.

Mimi nilikuwa kwa mama,
kwenye viazi vyake chini ya Rungwe,
udongo uliotapikwa na mlima, mweusi mpaka unang'aa.
Akisema "twendeni kwenye nyeusi"
tulichukua majembe. Hakuna aliyejitazama mkono.
Naye alituzaa sita: mimi makaa,
Tumpale maji ya kunde,
Lusajo mweupe hadi sokoni wakamwita mzungu.
Tumbo moja, baba mmoja,
na mwenye shaka akafie mbele.

Basi nikachanganya. Kahawia, nyekundu kiasi,
masizi ya kibatari niliyakwangua mwenyewe.
Ukungu haukuacha rangi ikauke.
Asubuhi mtu wangu alikuwa kijivu, saa sita shaba,
jioni sijui.
Kila aliyepita alimwona wa kwake,
kisha akaja kunilaumu kwa yule wa mwenzake.

Mwisho nilimfuta, nikamwinamisha.
Piga goti, bwana, nikamwambia,
na mikono nikamzamisha topeni hadi viwiko.
Uso nikaugeuzia mto.

Subilaga akaulaza mkono wake ukutani,
kando ya bega lile.
Akaugeuza: mgongo, kiganja, mgongo.
Hakusema kitu. Rangi mbichi ikamganda kiwikoni,
akaondoka nayo kwenda kipindi cha hesabu.

Mwalimu bado anadai uso.
Bodi itakaa mwezi wa tatu.
Nusu ya hela yangu wameishikilia.