Toleo Jipya

Usiku programu ilijipandisha cheo.
Hakuna aliyeiomba. Asubuhi iliamka
na nembo mpya, na salamu, na menyu za kijivu,
na pale penye orodha ya mipangilio ya printa,
pale Kithome alipoacha miaka minne ya macho yake,
pameandikwa neno moja: Kawaida.

Kawaida!
Kana kwamba karatasi ya gramu mia tatu
na ya gazeti ni ndugu wa tumbo moja.
Kana kwamba ngozi yetu ni hitilafu ndogo
iliyokwisha kusahihishwa kiwandani.

Niko chini ya ngazi, Mfangano Lane,
duka la mita mbili kwa tatu,
juu yangu wauza simu, kando yangu fundi wa saa,
na mbele yangu, kwenye stuli, Kisia,
kofia magotini, anangoja nakala mia mbili
za ratiba ya mazishi ya mamake.
Gari linatoka mochari saa kumi na moja alfajiri
kwenda Chavakali. Halitasubiri wino.

Nikachapa ya kwanza.
Mama Rasoa akatoka wa samawati,
kama mtu aliyekufa.
Kisia akaitazama, akailaza kifudifudi mezani.

Basi nikaanza matambiko ya fundi:
zima, washa. Chomoa, chomeka.
Futa printa, iite tena kwa jina lake.
Nikaingia folda ndani ya folda,
kama apapasaye mifuko ya koti kuukuu,
nikalikuta toleo la jana, na mwaka wake,
na ndani yake faili la Kithome: ngozi_4_HII_NDIYO.
Nikalibeba kama yai, nikalitua kwenye makao mapya.
Programu ikajibu: Faili hili halitambuliki.

Nikampigia Kithome. Siku hizi anafuga kuku, Kibwezi.
Nyuma yake jogoo, nyuma ya jogoo upepo.
"Namba sikuwahi kuzikariri, dada.
Nilikuwa nakodoa tu, mpaka mtu arudi.
Mteja yuko hapo? Muulize yeye."

Nikavuta stuli ya pili.
Lo, nimuulizeje mfiwa swali la rangi!
"Mama alikuwa mweusi wa namna gani?"
Akakaa kimya hadi printa ikasinzia, taa yake ikafifia.
Kisha: "Chai ya strungi,
ukiiinua kwenye dirisha."

Samawati nikaipunguza nane.
"Shavuni alikuwa na moto kidogo."
Majenta nne, njano sita.
"Aa, hapo umemfanya shangazi. Rudi."
Nikarudi. Majenta tatu.
"Na kitambaa ni cheupe, si cha maziwa. Alikiloweka
siku mbili kabla ya kupigwa hiyo picha,
akatukataza kugusa karai."
Nyeusi nikaipandisha moja, moja tu,
na mikunjo ya kitambaa ikajitokeza.

Ya kumi na moja ilitoka ingali vuguvugu.
Kisia akaishika kwa pembe,
akatamka kitu kwa Kimaragoli.
Hakuwa anasema nami.

Mia mbili zikashuka kwenye trei,
Rasoa juu ya Rasoa juu ya Rasoa,
na saa tano usiku nikazifunga kwa mpira
nikamsindikiza hadi kwenye lango la chuma.

Niliporudi programu ilikuwa inaniuliza:
Hifadhi mpangilio huu kwa jina gani?
Nikaandika: rasoa.
Halafu, kwa kuwa sing'atwi mara mbili shimo moja,
nikanakili namba zote kwa kalamu nzito
ubavuni mwa boksi la rimu,
nikalipandisha juu ya kabati
ambako hakuna toleo jipya linalofika.

Kesho ni kadi za arusi. Bwana arusi wa Kayole,
suti ya kijani, meno yote nje.
Nitaanza na rasoa,
kisha nitamwambia asogeze stuli.