Msoma Mita

Mimi husoma mita za maji, Maskati.
Siingii ndani. Naishia ukutani,
nafunua kifuniko, napuliza vumbi, naandika tarakimu.
Lakini maji hayafichi kitu:
najua nani kapata mgeni, nani kahama,
nani kachimba bwawa bila kibali.

Mwaka wa barakoa tulipewa karatasi ya kupita vizuizini.
Asubuhi, Shati al-Qurum. Nyumba ya watu wanne,
nyasi hunyweshwa mara tatu kwa siku,
yuniti mia na themanini.
Dada wa kazi alinisogezea chupa ya maji kizingitini
kwa koleo, kama apakuaye kaa la moto.

Mchana, Hamriya, nyuma ya maduka ya matairi.
Mita moja, bomba moja, wanaume thelathini na mmoja.
Ukutani tangazo, kwa lugha tano:
Nawa mikono sekunde ishirini. Kaa mbali hatua mbili.
Nikapiga hesabu pale pale juani:
zamu moja tu ya kunawa, dakika kumi na kitu,
na tangi la juu hukauka kabla ya alfajiri.
Hatua mbili? Vitanda vimepandana ghorofa tatu.
Mofazzal, fundi wa vigae, akacheka dirishani:
"Labda chooni, bwana. Na huko kuna foleni."

Wazee wetu walisema kifo cha wengi harusi.
Sijui kama walihesabu vyumba.

Ramadhani, yuniti arubaini na sita.
Mfunguo mosi, arubaini.
Mfunguo pili, ishirini na tisa.

Nikaitwa ofisini. Bwana Muhenna, kikombe mkononi:
"Hamriya imeshuka mno. Kaangalie, labda mita mbovu."
Shati hakuitaja. Shati ilikuwa pale pale.

Nikaenda. Nikafungua bomba, nikanawa, sekunde ishirini kamili,
jicho kwenye kile kigurudumu chekundu.
Kikazunguka.
Dirishani godoro limekunjwa, na jingine, na jingine,
na mwiko wa Mofazzal juu ya msumari,
saruji imeukaukia.

Fomu ina mstari mmoja: Sababu ya upungufu.
Nilisimama nao mpaka wino ukakauka kwenye ncha.
Nikaandika: Mita nzima.

Mfunguo nne wakahamishiwa wengine, vijana,
mabegi yao bado yana kamba.
Yuniti arubaini na sita.
Bwana Muhenna akasema, "Unaona? Imepona."