Pumzi za Ngazi ya Pili

Nilivifunga mwenyewe, Novemba, nyumba sitini na nne,
visanduku vyeupe, vidogo kama kipande cha sabuni,
kimoja kila chumba cha kulala, juu ya swichi ya taa.
Ghorofa tisa za zege, Lasnamäe, mjini Tallinn,
na theluji ikituchungulia dirishani kama mdai.

Nikawaambia wenyeji: havina jicho, havina sikio.
Vinanusa hewa tu, feni ijue lini ipulize, lini ipumzike,
na bili ya joto ishuke.
Sikusema uongo.
Ila pua nayo ni shahidi.

Maana mtu akilala peke yake, hewa ya ukaa hupanda polepole,
mstari wake kwenye kompyuta yangu ni mwinuko mpole.
Wakilala wawili, ni mlima.
Na asiyelala namjua: mstari unakatika saa nane, saa tisa,
mlango umefunguliwa, mlango umefungwa,
mtu anahesabu mbao za sakafu.

Kitanda usichokilalia, walisema, hujui kunguni wake.
Mimi nawajua kunguni wa vitanda sitini na nne
na sijavua hata kiatu.

Namba thelathini na moja, Bi Helju, mjane, miaka sabini na miwili:
kila Alhamisi mstari wake hupanda mlima.
Na Alhamisi hiyohiyo, namba thelathini na nane,
kwa Bwana Kalju, aliyekuwa dereva wa tramu,
mstari unalala chali hadi alfajiri
kama shuka ambalo halikuguswa.
Mara ya kwanza nilicheka.
Mara ya pili niligeuza uso,
peke yangu ofisini, nikageuza uso,
kama mtu aliyeingia bafuni bila hodi.

Hodi! Ndilo neno ambalo kidude hiki hakikufundishwa.

Kisha Urve, mwenyekiti wa jengo, akaja na daftari.
Maji hapa hulipwa kwa vichwa.
"Siim, nitolee orodha. Nani kalaza mgeni,
usiku gani, mlango namba ngapi. Si ipo?"
Ipo.
Siri ya mtungi huijua kata,
lakini lini kata iliitwa ofisini ikatoe ushahidi?

Usiku ule nilikesha na programu.
Pua ibaki pua: inuse, iiambie feni ya chumba kilekile,
kisha isahau.
Kinachofika kwangu, nikafuta dakika, nikaacha siku.
Nikafuta namba za milango, nikaacha ngazi.
Pumzi zote za ngazi ya pili nikazimimina sufuria moja,
za mjane na za dereva, za kichanga cha kina Fedotov,
za yule wa saa nane,
nikakoroga, hata mimi nisiweze kumtoa mmoja.
Za zamani nikazifuta.
Kidole kilisita. Sifichi.

Machi, betri ya thelathini na moja ilikufa mapema.
Bi Helju alikuwa amekivisha kisanduku kofia ya sufu,
nyekundu, aliyoifuma mwenyewe.
"Kisipigwe na baridi," akasema, bila kutabasamu.
Mezani vikombe viwili, kimoja bado chafuka moshi.
Nilibadili betri. Kofia nikairudisha nilipoikuta,
nikaivuta chini kidogo, upande wa kitanda.

Urve orodha yake alipewa. Karatasi moja, mstari mmoja:
Ngazi ya pili. Usiku. Watu wanapumua.