Msumari wa Kuazima

Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
baba mdogo Mbelwa aliranda mvule,
na kazi yangu, kabla ya shule,
ilikuwa kubeba kapu la masalio
hadi jikoni kwa Bi Mwantumu, mkaanga maandazi.
Mbao ikishakatwa mara mbili, mara tatu,
mwisho wake ulijulikana: moto.

Ila siku nyingine alinishika bega mlangoni.
"Hebu tua."
Akachakura, akatoa kipande kifupi, hakina sura,
akakigeuzageuza dirishani.
"Hiki kisiende."

Leo niko mbele ya Kidato cha Sita, chaki hadi kwenye viwiko,
naeleza safari ya sukari ndani ya seli:
glukosi inapasuliwa mapande mawili,
kila hatua na kimeng'enya chake,
yote yakishuka kuelekea tanuri.
Piruvati imefika kizingitini.
Hapo mkono unaishika bega.
Glutamati inang'oa msumari wake yenyewe,
naitrojeni pamoja na haidrojeni zake,
inaupigilia pale,
na iliyokuwa kuni sasa ni alanini.
Hata mle motoni, kwenye mzunguko,
oksaloasetati huchomolewa ingali ya moto,
ikapigiliwa, ikatoka aspartati.
Na glutamati? Imebaki na tundu ubavuni,
imekuwa kuni kama wenzake,
inangoja amonia ipite
iazime msumari mwingine.

Mwanaidi Shekalaghe hanyooshi mkono, anauliza tu:
"Sasa moto si utazimika, mwalimu, wakichomoa kila siku?"

Namsikia Bi Mwantumu akilipima kapu kwa kiganja:
"Leo jepesi. Kamwambie Mbelwa
maandazi hayaivi kwa vigoda."

Utazimika, namjibu. Achomoaye sharti arudishe.
Seli hutwaa piruvati nyingine,
huibandika kaboni moja,
huitupa katikati ya moto, kuziba pengo.

Wala si zote tunaziweza.
Asidi amino tisa zinatushinda kuziunda.
Mbelwa naye hakuwa na mashine ya kuchonga miguu ya duara,
aliinunua tayari, akanung'unika bei.
Basi kuleni kunde. Kuleni dagaa.

Kengele. Wanatoka wakisukumana.
Nakalia kigoda changu cha miguu mitatu.
Mguu mmoja, ukiuinamia,
una weusi upande wa ndani, kama ulimi wa moto uliupitia.
Huo, nadhani,
aliukimbilia hadi jikoni kwa watu.