Masahihisho

Redio Mninga ilisema maji yanatoka Chemchem.
Ilisema wakazi wamefurahi,
ikaweka na vigelegele, vya harusi ya nani sijui.
Nilikuwa na pini mbili mdomoni, nashona sare za shule,
nikacheka nusura nizimeze.

Kalunde hakucheka.
Ndiyo kwanza alikuwa ametua ndoo kutoka kisima cha Kapela,
shilingi mia tatu, foleni tangu adhana.
Akaenda kwenye lile bomba lililokatiwa utepe,
akafungua koki, akaisogezea simu
kama unavyomsogezea mgonjwa kikombe.

Sekunde arobaini na moja.
Bomba lilipumua: fsss.
Likakohoa. Akatoka mjusi.
Mwisho kabisa ndipo akasema,
"Hayo ndiyo maji. Leo Jumatatu."

Ikaingia kundi la mtaa, ikaruka hadi Ng'ambo.
Isevya wakajibu na bomba lao, Kiloleni na lao,
usiku simu yangu ikawa haina neno, inahema tu,
Tabora nzima inakoroma kwa mabomba.

Hatukumtukana mtangazaji.
(Maganga alimtukana. Tulimtoa, tukamrudisha Alhamisi.)
Tulimwandikia tu, mmoja baada ya mwingine:
Nani alikwambia?
Ulifika lini?
Ulikunywa?

Ijumaa, saa kumi na moja na robo alfajiri,
baada ya matangazo ya vifo, kabla ya bei ya tumbaku,
sauti ikapita mbio kama mtu anayelipa deni gizani:
taarifa yetu ya Jumatatu haikuwa sahihi.
Safari hii hapakuwa na vigelegele.
Waliosikia ni walinzi na wenye wagonjwa.

Ningeishia hapo, ningekuwa shujaa.

Lakini wiki iliyofuata ilikuja sauti, haina jina,
kwamba kisima cha Kapela kimeingia sumu.
Niliisambaza mimi.
Makundi sita, kabla chai haijapoa.
Kapela alishinda siku tatu na kamba yake mkononi,
hakuna aliyekwenda, na sumu haikuwepo.

Kalunde hakunipigia. Aliniandikia yale yale:
Nani alikwambia?

Nilitema pini.
Nilirekodi mara tano, nne nikazifuta
kwa sababu nilikuwa najitetea.
Ya tano ina jina langu, ina kosa langu,
na cherehani ya jirani inasikika kwa nyuma.
Nikaituma makundi yote sita,
saa sita mchana,
watu wakiwa macho.